Ukweli wa Ulimi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tuliisikia tangu utotoni, wala hatukuwahi kuitilia shaka. Hata hivyo, maisha yametufundisha kwamba chema hakijiuzi mahali ambapo watu wamesahau kuonja.

Sisi ni mzaliwa wa Mbebe, katika Wilaya ya Ileje, wilaya ambayo mto Songwe huitenga na nchi ya Malawi. Zamani tukihesabiwa katika Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 tumo katika Mkoa wa Songwe. Kwetu ulezi haukuwa wa uji tu. Mama yetu aliuloweka, akauotesha, akauanika mpaka ukawa kimea kikavu, kisha akausaga na kupika pombe ya kimpumu. Pombe hii ikisha kuiva, humiminiwa maji ya moto chunguni, na wazee wakaifyonza kwa mirija, chungu kimoja watu wengi.

Hatuandiki haya ili kuwasifia vijana ulevi, kwani ulevi umebomoa nyumba nyingi tunazozijua. Tunaandika juu ya elimu ya kuonja, nayo ni elimu kama elimu nyingine. Kabla mgeni hajagusa mrija, mama alionja yeye kwanza. Alitazama povu, akanusa, akafyonza kidogo, akanyamaza. Kisha alitoa hukumu: hii ni changa, irudi ndani, hii imeiva, hii imechacha, wasipewe wageni. Wazee nao hawakumwonea haya. Pombe ikiwa na kasoro walimwambia wazi, naye aliwashukuru, akajirekebisha. Alama hazikuandikwa popote, lakini kijiji kizima kilijua mpishi gani amepata na gani amekosa.

Mwaka 2006, tukiwa mtumishi wa serikali, tulialikwa katika karamu moja ya kikazi. Mezani paliwekwa chupa mbili za mvinyo mweupe: moja ya Dodoma, na nyingine kutoka mabonde ya mto Mosel, nchini Ujerumani. Tulimimiwa glasi, tukaionja, tukaanza kuisifu kwa maneno makubwa. Tulisema kwamba baridi ya Ulaya inajidhihirisha katika kinywaji hiki, na kwamba sisi huku bado tuna safari ndefu. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alitunong'oneza: “Samahani, mzee, huo ni wa Dodoma.” Tulicheka pamoja na wenzetu, lakini kicheko chetu kilikuwa kikavu. Hatukuwa tumeonja mvinyo. Tulikuwa tumesoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, na hata hiyo tukaisoma vibaya.

Baadaye tulijifunza kwamba mizabibu ina tabia kwa kadiri ya mahali. Katika nchi za baridi kama bonde la Mosel, zabibu za Riesling huiva polepole, nazo huhifadhi ukali wake hata sukari inapopanda. Dodoma jua ni kali, zabibu huiva upesi, na mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Basi anayeupima mvinyo wa Dodoma kwa kipimo cha Mosel hauonji. Anautafuta mwingine ndani yake.

Wala kosa hili si la Waafrika peke yao. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji mashuhuri wa Kifaransa, akawapa mvinyo wa kwao na wa California, majina ya chupa yakiwa yamefichwa. Alama zilipojumlishwa, mvinyo wa California ulishika nafasi ya kwanza kwa upande wa mweupe na wa mwekundu pia. Majina yalipofichwa, ndimi zilisema kweli.

Lakini kuna uongo mwingine, ulio mchungu zaidi kuliko ule wa karamuni. Mwaka 2011 tulikwenda Mbebe kwa likizo. Mama, ingawa alikuwa amezeeka, alitupikia kimpumu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na kimea hakikukauka vizuri. Tulipofyonza mara ya kwanza tulihisi uvundo. Tulimtazama alivyokaa akitungojea, tukasema, “Mama, tangu tuzaliwe hatujanywa nzuri kama hii.”

Akauweka mrija wake chini. Akasema, “Baba, huko mjini wamekufundisha kusifu. Kuonja atakufundisha nani tena?”

Hakukasirika, wala hakusema zaidi. Aliinuka, akaimwaga ile pombe nyuma ya nyumba. Alikuwa amejua kasoro yake kabla yetu. Alichokitaka si sifa. Alitaka mtu wa kuamua naye, kama wazee walivyokuwa wakifanya zamani. Sisi tulimpa huruma mahali alipostahili heshima. Miaka mitatu baadaye alifariki, na hakutupikia tena.

Tangu siku hiyo tunayaona mashairi kwa jicho jingine, maana sisi pia ni mtunzi. Mara nyingi mwanafunzi hulisifu shairi kwa sababu jina la mshairi ni kubwa, au hulidharau kwa sababu limetungwa na jirani yake. Mhakiki ni mwonjaji. Yampasa atazame, anuse, aweke neno ulimini, kisha anene alichokikuta, awe ndani ya Paris au ndani ya Mbebe. Tena yampasa ajue ni udongo gani ulioliotesha shairi lile, asije akautafuta utenzi ndani ya shairi huria, au shairi huria ndani ya utenzi.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wajaribu jambo dogo. Mwalimu na aandike beti mbili ubaoni bila majina ya watunzi, moja ya mtunzi mashuhuri na moja ya mwanafunzi wa darasa lile lile, kisha awaulize vijana wameonja nini. Na ubeti wa mwanafunzi ukiwa na uvundo, wasimfiche. Wamwambie kwa upole, naye ataanika kimea chake upya.