Duara la Kilomita Tatu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba asali ya Tabora haihitaji shahidi. Nimekulia Mtendeni, hapa Tabora mjini, na nyumbani kwetu asali ilikuwamo tu, ndani ya chupa isiyobandikwa karatasi yoyote, imeletwa na mjomba au na mgeni wa baba kutoka Sikonge, Urambo au Uyui. Ulionja ukajua. Basi niliposikia mara ya kwanza kwamba wanunuzi wa Ulaya wanataka cheti ndipo waikubali kuwa ni asali ya kilimo hai, nilihisi kama mzee wangu ameombwa kitambulisho mlangoni pa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Msitu wa miombo haujapuliziwa kitu. Nyuki ni wa porini, anaingia mzingani akipenda, anahama akipenda. Sasa cheti cha nini?

Leo mimi ndiye mtunza karatasi wa kikundi cha wafugaji nyuki. Ofisi yetu ni chumba cha kupanga hapa Mtendeni, na ndani ya kabati mna jalada la kila mwanachama: ramani ya mkono inayoonyesha mizinga ilipo, idadi na aina ya mizinga, mkataba wenye saini au dole gumba, na ripoti za ukaguzi mwaka baada ya mwaka. Watu wakisikia ukaguzi hufikiria mgeni mwenye koti jeupe na chupa za maabara. Vipimo vipo kweli, lakini uzito wa jambo uko kwingine. Kikundi hujikagua chenyewe kwanza. Kila mwanachama hutembelewa walau mara moja kwa mwaka na mkaguzi wa ndani, ambaye ni mwanakijiji mwenzake. Baadaye kampuni ya uthibitishaji hutuma mtu wake, na huyo hana namna ya kuwafikia wote. Kwa sheria ya Ulaya ya sasa hurudia ukaguzi kwa walau asilimia 5 ya wanachama, wasipungue 10, na sampuli huchukuliwa kwa walau asilimia 2. Anachokuja kukitazama hasa ni kama sisi tunatazamana sawasawa. Jambo hilo nililisoma mapema, ila kulielewa kulikuja polepole sana, na sidhani kama nimefika mwisho wake.

Kuna sharti moja lililonikalia kichwani kuliko mengine. Mizinga inatakiwa iwe mahali ambapo, ukizunguka kilomita 3 kila upande, mbochi na chavua vinatoka hasa kwenye uoto wa asili, au mazao ya kilimo hai, au mimea isiyotunzwa kwa dawa kali. Nilichora duara hilo kwenye ramani nikalipigia hesabu: ni kilomita za mraba 28 hivi, yaani karibu hekta 2,800. Mwenye mizinga huenda ana ekari tano za mahindi na karanga. Mwenye shamba wa kawaida huulizwa shamba lake limekaa muda gani bila dawa, na kwa Ulaya ni miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, au 3 kabla ya kuvuna mazao ya kudumu. Mfugaji nyuki hungoja mwaka 1 tu, lakini anaulizwa habari za nchi nzima inayomzunguka, mashamba asiyoyalima, majirani asiowaamuru.

Na kwetu huko kuzunguka kuna tumbaku. Tangu mpango wa karanga wa Waingereza ulipoanguka pale Urambo, tumbaku ndiyo iliyoshika mkoa, na sijui mrina asali yeyote asiye na ndugu anayeilima. Pembejeo hutolewa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, mbolea na viuatilifu pamoja, na majani hukaushwa ndani ya mabani kwa kuni za msitu uleule ambao nyuki wanautegemea. Wafugaji wengi wamelitatua suala la duara kwa miguu. Mizinga yao wameitundika mbali, ndani ya hifadhi za misitu, na msimu ukifika wanakwenda kukaa kambini hadi warudi na ndoo. Ramani zao ni safi, hakuna ubishi. Lakini asali haitoki kambini ikakaa hewani. Inarudi nyumbani, na nyumbani ndiko kuliko na tumbaku.

Kuna mzee mmoja ambaye mkaguzi wetu wa kijiji kile hakuweza kumkagua, kwa sababu ni mjomba wa mkewe. Kanuni inakataza mtu kumkagua jamaa yake, kanuni rahisi kuiandika na ngumu kuitimiza katika vijiji ambavyo kila mtu ni shemeji au mtani wa mwenzake. Nikaenda mimi na daftari. Mzee alinikaribisha, akanitandikia mkeka, tukaongea habari za mvua na za maua ya mtundu, kisha akafungua stoo mwenyewe. Ndoo zilikuwa pale, nyeupe, za chakula, mifuniko imebana, kila moja ina namba yake. Zilikuwa nzuri kuzitazama. Na juu yake, kwenye msumari, lilining'inia bomba la kupulizia dawa, na sakafuni kwenye pembe chupa ya kiuatilifu cha tumbaku iliyobaki nusu. Vya mwanawe.

Nilisimama pale nikijua kwa yakini yote kwamba asali ile ilikuwa salama. Ndoo zilifungwa kambini, chupa nayo ilifungwa, na kati yao kulikuwa na hatua kadhaa za sakafu kavu. Nikikiandika nilichokiona, ndoo zote zitatolewa kwenye fungu la kilimo hai. Nisipoandika, hakuna mtu duniani atakayedhurika. Ndivyo nilivyojiambia, na bado sioni kosa kubwa katika hesabu hiyo ikitazamwa peke yake. Mzee aliniona kalamu imesimama. Akasema, "Andika, mwanangu. Usipoandika, mwakani utakuja hapa unanitazama kama mdai wangu."

Niliandika. Kamati ikaziweka kando ndoo zake, zikauzwa sokoni Tabora kama asali ya kawaida, kwa bei ya kawaida. Yeye hakulalamika. Mwanawe alijenga kibanda kidogo nyuma ya nyumba cha kuwekea dawa, na msimu uliofuata jalada la mzee likafungwa bila doa. Ningeweza kuridhika hapo. Lakini tangu habari ile ienee, sijaona tena bomba lolote ukutani katika vijiji vyetu. Kila stoo niingiayo imefagiliwa. Nafurahi, kisha najiuliza kama tumepata stoo safi au tumepata watu waliojua siku ya kuja kwetu. Mzee yule alipata hasara kwa sababu alifungua mlango bila kupanga kitu, na sina hakika kwamba karatasi niliyoijaza inaweza kumtofautisha yeye na mtu aliyehamisha bomba usiku wa kuamkia ukaguzi. Wenzangu husema ndiyo maana ziara nyingine hufanywa bila taarifa. Ni kweli, zipo. Ila kijijini gari au pikipiki ngeni husikika kabla haijafika.

Nikikaa ofisini jioni, na barabara ya zamani ya misafara haiko mbali, huwaza jinsi mji huu ulivyokuwa ukiaminiana na watu wa mbali. Katika karne ya 19 mzigo uliotoka hapa Unyanyembe ulikwenda miezi miwili, mitatu, begani mwa wapagazi wa Kinyamwezi mpaka Bagamoyo, na matajiri wa Kihindi wa Unguja waliwakopesha wenye misafara vitambaa na shanga wakingoja malipo kwa mwaka au zaidi. Kilichosimamisha biashara ile ni kumjua mtu. Siisifu, kwa maana njia ileile ilipitisha watu waliotekwa, na kujuana kwa wakubwa hakukuwasaidia. Wajerumani nao walipokuja, nta ya nchi hii ikawa miongoni mwa vitu vilivyopelekwa nje, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ikawa fupi. Katika yote hayo jina la mrina lilibaki msituni.

Karatasi zetu angalau zinalibeba kwa sehemu ya njia. Kila ndoo ina namba ya mwenyewe. Kwenye kituo cha kukusanyia huandikwa siku iliyopokelewa na uzito wake. Kiwandani, ambako nako lazima kuwe na cheti, machujio na mapipa huoshwa kabla ya asali ya kilimo hai kupita, kuosha kwenyewe huandikwa, na fungu lake hukaa mbali na mengine likiwa na namba mpya inayoweza kurudishwa hadi kwenye namba za ndoo. Kiungo kimoja kikikosekana, asali ileile, isiyobadilika rangi wala ladha, inashuka kuwa ya kawaida. Zamani hilo liliniudhi. Sasa naona kwamba mtu wa Hamburg au London hana mjomba Sikonge, na mlolongo huu wa namba ni njia yake dhaifu ya kupata mjomba. Dhaifu, narudia, kwa sababu ikifika kwake ni namba tu.

Halafu kuna swali la cheti ni cha nani. Kwa miaka mingi, katika vikundi vingi vya Afrika Mashariki, mnunuzi ndiye aliyelipia ukaguzi, na kwa kuwa amelipa, cheti kiliandikwa jina lake. Mkulima akitaka kumuuzia mwingine, asali yake haikuwa na hadhi yoyote. Sheria mpya ya Ulaya, namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022 na kuzipa nchi za nje muda wa kujipanga, inataka kikundi chenyewe kiwe na usajili wa kisheria na kisizidi wanachama 2,000. Vikundi vimelalamikia gharama na wingi wa makaratasi, nami nimelalamika pamoja nao. Hata hivyo nadhani ni vyema cheti kikae katika kabati la watu wanaokifanyia kazi. Kwa soko la hapa nyumbani iko pia nembo ya Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na kwa njia hiyo wakulima wanaweza kukaguana wenyewe, jirani kwa jirani, bila kumlipa mkaguzi wa nje. Ningependa tuijaribu. Natamani asali yetu iliwe Mwanza na Dodoma ikiwa na jina zuri kama linaloipeleka ng'ambo.

Linaloniumiza zaidi halimo kwenye fomu. Sheria inataka mzinga uwe wa vitu vya asili, na mzinga wa gome la mtundu au myombo ni wa asili kupita yote. Nauwekea alama ya vema bila kusita. Lakini gome likivuliwa kuzunguka shina, mti unakufa. Nchini Zambia, kwenye miombo kama hii yetu, asali ya mizinga ya magome imekuwa na vyeti vya kilimo hai tangu miaka ya 1990, kwa hiyo najua hakuna mkaguzi atakayetusumbua kwa hilo. Fomu inauliza kama mzinga utaidhuru asali. Haiulizi mzinga uligharimu nini.

Nimeandika rasimu ya kanuni ya ndani: baada ya muda tutakaokubaliana, mwanachama asichune tena gome la mti mzima kwa ajili ya mzinga, na anayechimba gogo la mti ulioanguka, au kununua mbao, asaidiwe na mfuko wa kikundi. Nimeisoma mara moja mkutanoni. Vijana wengi waliunga mkono. Wazee walinyamaza kwanza, kisha yule mzee wa ndoo akasimama. Alisema mbao ni ghali, mfuko wa kikundi ni mdogo, na bani moja la tumbaku huteketeza kwa msimu miti ambayo yeye hajaichuna tangu ujana wake. Kwa nini sheria imwanzie yeye? Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimwambia, "Mzee, bani si letu, kanuni hii ni yetu," akatikisa kichwa, na sikujua kama ni kukubali au kukataa. Suala limerudishwa kwenye ajenda ya mkutano ujao, kabla ya msimu wa kurina. Nimemwomba mzee akae kwenye kamati ya kuiandika upya, naye amesema atakuja, ila atakuja na hesabu ya miti.