Safari Yetu ya Korongo la Oldupai

Husemwa ya kwamba msafiri hakosi la kusimulia. Mimi niliolewa na msafiri mwaka 1988, na kwa sehemu kubwa ya miaka 37 iliyofuata sikusimuliwa kitu. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipakia shehena katika bandari ya Dar es Salaam akaipeleka Kigali, kwa njia ya Singida, Isaka, Lusahunga na daraja la Rusumo. Kama tajiri wake alimpa ruhusa, aliiacha barabara kuu akaja kulala usiku mmoja nyumbani kwetu Bugarama, wilaya ya Ngara. Usiku mmoja hautoshi kwa hadithi. Hutosha kuoga, kula, kuhesabu ada za shule na kulala usingizi wa mtu aliyechoka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilifundisha, nililima migomba, nilizaa na nilisimamia ujenzi wa nyumba. Yeye alileta mabati na saruji. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla majirani zetu hawajamaliza kushangaa. Malori ya chakula yalihitajika, naye akapewa kazi ya kuleta mahindi. Naona haya kukiri ya kwamba mwaka ule wa msiba mkuu wa wenzetu ndio niliomwona mume wangu mara nyingi kuliko mwaka mwingine wowote.

Miaka mitatu baadaye mtoto wetu wa tatu alifariki kwa homa. Alikuwa na umri wa miaka miwili. Simu hazikuwapo kwetu siku zile. Baba yake alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kunyeshewa mvua. Alisimama pale kwa muda, akarudi ndani, na kesho yake akaondoka kwa sababu mzigo ulikuwa ukingojewa. Tangu siku ile jambo lile halikutajwa baina yetu.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, sote wawili tukiwa tumestaafu, alirudi kutoka Mwanza na Land Cruiser kuukuu, ndefu, iliyopata kuwa gari la wagonjwa. Akamwita seremala. Pale ilipokuwa machela pakawekwa kitanda cha mbao, na chini ya kitanda masanduku ya vyombo, madumu ya maji na jiko dogo la gesi. Mimi nilitakiwa kushona mapazia ya kitenge. Wifi yangu alipoliona alitikisa kichwa, akasema ya kwamba mtu mwenye nyumba akilala garini anajitakia mkosi.

"Mwalimu," mume wangu aliniambia, kwa maana hilo ndilo jina aniitalo, "umefundisha habari za Oldupai miaka mingapi?"

"Thelathini na mitatu."

"Umepaona?"

"Ningepaonea wapi?"

"Basi twende. Tutalala humu."

Tuliondoka mwezi wa Agosti, migomba ikiwa imejaa vumbi la kiangazi. Tulipita Biharamulo, Chato na Geita, tukafika Busisi, ambapo zamani alipata kungoja kivuko nusu ya siku. Sasa pana daraja la kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa mwezi Juni mwaka ule ule, nasi tulilivuka kwa dakika chache. Nilidhani atafurahi. Alishika usukani kwa mikono miwili, akanyamaza mpaka ng'ambo.

Niliona mambo mengine pia, lakini sikuyafahamu. Aliniomba nimsomee vibao vya barabarani. Ilipofika saa kumi na moja jioni alikataa kwenda mbele, yeye aliyezoea kuendesha usiku kucha. Mara mbili mpanda baiskeli alitokea kando ya njia, naye akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Nilisema moyoni, uzee humfundisha mtu hadhari.

Tuliingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, tukalala katika kambi ya Seronera. Usiku ule wa kwanza kati ya wanyama nilijifunza ya kwamba mume wangu hukoroma, kwamba huogopa fisi, na kwamba hupenda chai yenye tangawizi nyingi. Mambo haya mke wa mkulima huyajua katika mwezi wa kwanza wa ndoa. Kitanda chetu kilikuwa chembamba. Aliyegeuka humwamsha mwenzake. Nyumbani tulikuwa na nafasi ya kutosha kwa kila mmoja kununa upande wake. Garini hapakuwa na nafasi hiyo.

Nchi ya Oldupai si jangwa kamili, lakini atokaye Ngara hawezi kuiita kwa jina jingine. Milima ya Ngorongoro, upande wa mashariki, huzuia mvua itokayo baharini, hata nyanda zilizo nyuma yake hubaki na migunga, miiba na mkonge mwitu. Mkonge huo Wamasai huuita oldupai, na ndio ulioipa nchi jina. Katika nyanda hizo mto wa msimu umelichimba korongo lenye urefu wa karibu kilomita 48 na kina kinachofika mita 90. Ukisimama juu yake waiona ardhi imekatwa kama mkate: chini kabisa jiwe jeusi la volkano, juu yake tabaka za majivu ya kijivu, kisha udongo mwekundu. Kila tabaka ni zama zake, na kwa jumla hufika karibu miaka milioni mbili.

Kijana aliyetuongoza alitueleza habari nilizozifundisha maisha yangu yote, nami nilizisikiliza kama mwanafunzi. Louis Leakey alifika hapa kutafuta mabaki ya watu wa kale mwaka 1931. Mary, aliyekuja kuwa mkewe, alifika mwaka 1935. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakilala katika mahema, maji yakiwa haba na fedha zikiwa haba zaidi. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini, mgonjwa wa homa. Mary alitoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza mtelemkoni, na meno mawili makubwa. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni moja na robo tatu, ambalo leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mary alirudi mbio kumwita mumewe, naye akainuka na homa yake akaenda kuona.

Katika jumba la makumbusho la pale korongoni nilisoma pia habari za nyayo za Laetoli, mwendo wa kilomita 45 kusini, zilizogunduliwa mwaka 1978: nyayo za viumbe waliotembea juu ya majivu mabichi ya volkano miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita, wakielekea upande mmoja.

Tulipotoka nje kijana alinyosha kidole, akatuonyesha nguzo kubwa ya udongo mwekundu iliyosimama peke yake katikati ya korongo. Mume wangu alitazama kando kabisa ya pale.

"Yule mzee alikuwa amelala," alisema taratibu, "mkewe akamwonea." Halafu akaniambia, "Mwalimu, mimi siioni nguzo hiyo."

Alikuwa na presha ya macho. Daktari alimweleza mwaka uliotangulia ya kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kwa dawa kinachobaki huweza kulindwa. Alinunua dawa mara moja, chupa ilipokwisha hakununua nyingine. Alikuwa akiona kama mtu anayechungulia katika bomba: mbele pana mwanga, kandokando giza. Kwa hali hiyo alikuwa ameniendesha tangu Bugarama.

Sikumhurumia, na nasema hivi ili msomaji asinidhanie wema nisiokuwa nao. Nilikasirika. Nilimwuliza kama wale wapanda baiskeli hawakuwa na wake na watoto. Nilimwuliza kwa nini maisha yake yote huniletea habari baada ya mazishi. Neno hilo lilinitoka bila kulikusudia. Alinipa ufunguo wa gari mkononi, akasema, "Nilitaka nikuendeshe mara moja tu, kabla sijawa mtu wa kushikwa mkono." Nami sijui kuendesha hata trekta.

Kijana wetu alitutafutia dereva mwenye leseni, mtu wa Karatu, tukapatana naye ujira wa kutufikisha mpaka kwetu. Kabla ya kuondoka alitupeleka kuona mchanga unaohama. Ni kilima cheusi cha majivu, chenye umbo la mwezi mwandamo, ambacho upepo hukisukuma kwa wastani wa mita 17 kila mwaka. Nyuma yake zimewekwa alama za kuonyesha mahali kilipokuwa miaka iliyopita. Mume wangu aliniomba nimsomee miaka ile. Nikamsomea, mkono wangu ukiwa katika kiwiko chake, kwa kuwa ardhi haikuwa sawa.

Usiku tulilala kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, katika baridi ambayo Ngara hatuijui. Dereva alilala katika hema lake. Sisi tulijifunika mablanketi yote, na gizani, mahali ambapo yeye na mimi tulikuwa sawa kwa kuona, nilimwambia jambo nililolificha miaka 28.

"Mtoto alikuwa akikuita."

Hakujibu. Nilisikia pumzi yake, nikajua hajalala. Tulikaa hivyo mpaka ndege walipoanza kulia.

Tulirudi kwa njia ya lami ya kusini: Makuyuni, Babati, Singida. Dereva alikuwa peke yake mbele, na mimi na mume wangu tulikaa nyuma, kitandani, kama abiria. Sikuwahi kumwona akiwa abiria. Kuanzia Singida ilikuwa barabara yake. Alifumba macho, na kwa mlio wa magurudumu na jinsi gari lilivyoinama alinitajia kila mahali. Hapa ni mteremko wa Sekenke. Hapa breki za rafiki yake zilikufa. Hapa ni Igunga. Hapa mama mmoja aliwauzia ubwabwa kwa mkopo, hakumdai mtu. Hapa ni Isaka. Hapa alilala chini ya lori siku nne kwa ajili ya karatasi moja. Miaka yote niliyodhani haina kitu ilikuwa imejaa, nami sikuwa nimeambiwa.

Tulipofika Nyakanazi alimwomba dereva asimame. Alishuka, akapapasa hewa kidogo, akauelekea mti mmoja karibu na njia panda.

"Hapa," alisema, "dereva mwenzangu aliyetoka Ngara alinisimamisha akaniambia. Niliketi chini ya mti huu. Nililia mpaka utingo akaogopa, akadhani nimeingiwa na wazimu. Nilipofika nyumbani machozi yalikuwa yamekwisha, nawe ukaona uso mkavu."

Tulisimama pale muda mrefu. Malori yaliendelea kupita, yakielekea Rusumo.

Akina Leakey nao, nimesoma, miaka yao ya mwisho waliishi mbalimbali. Mary akiwa katika kambi ya Oldupai, mumewe akiwa safarini nchi za mbali, mpaka alipofariki mwaka 1972. Sikusudii kuwahukumu. Najua tu ya kwamba kazi njema huweza kuwatenga watu kama ugomvi unavyowatenga, na kwamba kimya, kama majivu, hukaa juu ya kimya kingine mpaka maji yapite.

Sasa kila asubuhi na kila jioni mume wangu huinamisha kichwa nyuma, nami humtia dawa machoni. Daktari asema kilichobaki kingalipo. Gari limeegeshwa chini ya mwembe, na mapazia yangu ya kitenge yameanza kupauka kwa jua. Jioni nyingine hatungoji safari. Tunaingia ndani, tunaketi juu ya kitanda kile chembamba, naye hunisimulia alipoishia.