Kriketi si mchezo wa kusimama bure

Huenda wewe ni mmoja wa wale wanaopita kando ya uwanja wa kriketi na kucheka kwamba watu wamevaa nguo nyeupe ili wasimame juani. Leo nakuomba unisikilize kidogo.

Mwili una maghala matatu ya nguvu, na kriketi huyatumia yote. La kwanza limo ndani ya misuli, tayari kutumika, lakini hudumu sekunde 10 hivi tu. Ndilo la mrushaji anayekuja mbio na kuachilia mpira, na la mpigaji anayezungusha gongo kwa nguvu. La pili huvunja sukari iliyohifadhiwa misulini bila kungoja oksijeni. Wapigaji wanapokimbia mara tatu mfululizo kati ya vijiti, yadi 22 kila safari, ndilo huitwa kazini. La tatu huchoma sukari na mafuta kwa oksijeni, polepole, saa baada ya saa. Mrushaji anapotembea kurudi alikoanzia, ni hilo la tatu linalojaza tena lile la kwanza.

Sasa nikuambie ya nyumbani kwetu. Mpwa wangu wa miaka 13 hurusha mpira katika timu ya shule yao. Siku za mechi alikuwa akitoka na kikombe cha chai tu. "Huo ni mchezo wa kusimama, atakula akirudi," dada yangu alizoea kusema. Kufikia saa sita kijana alikuwa hoi na mipira yake haina kasi.

Nilimweleza dada kwamba usiku ini hutumia sukari yake kuulisha ubongo. Mtoto asiyekula asubuhi huingia uwanjani akiba ikiwa imepungua, na mechi ya ova 50 ni mipira 300 kwa kila upande.

Wakumbuke vijana wetu waliowabwaga West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune, India, Februari 29, 1996. Ili kuwazima wapinzani kwa mikimbio 93, walirusha, wakakimbilia mipira na kudaka kwa zaidi ya ova 35.

Kwa hivyo mzazi, mpe mwanao uji, viazi vitamu au mkate na yai saa mbili au tatu kabla ya mechi, na chupa ya maji. Gari haliendi bila mafuta.