Unasikia nini?

Hapa kwetu Kapolowe neno "kusikia" linafanya kazi nyingi. Tunasikia sauti, tunasikia harufu ya samaki wa Tshangalele, tunasikia njala, baridi na maumivu. (Wandugu wa pwani, wao wanasema hata "kuona njaa"!) Basi munganga akikuuliza "unasikia nini?", usijibu tu "mwili inaniluma". Kuluma ni jino, ni kichwa, ni mugongo wa kijana aliyeshinda akibeba mifuko ya mawe. Kuwasha kunakuita ujikune, kama upele. Kuchoma ni kama pilipili machoni. Na kama ni mukojo ndio unachoma, usione haya, sema vile ilivyo.

Lakini mimi ninaogopa zaidi alama ya ngozi iliyopauka, isiyoluma wala kuwasha. Mama anasema: "Haina neno." Mufunge mutoto macho, uguse pale na uzi wa pamba. Kama hasikii kitu, inaweza kuwa ukoma. Ni vile mutu anaungua kwa mbabula bila kujua. OMS inatoa dawa zake bure tangu 1995, na zinaponyesha kwa miezi 6 ao 12. Umupeleke kwa munganga mbele ya vidole kupindika.