Usiku wa Lukaya

Roketi za kwanza hazikumgusa mtu. Vijana hawaliamini jambo hilo ninapowasimulia. Zilipita juu ya vichwa vyetu zikaangukia mbali nyuma, na kwa hesabu ya kawaida tulipaswa kumshukuru Mungu tukabaki mahali petu. Lakini gari moja la BM-21 hubeba mabomba 40, na mabomba yale yakifuatana hewani, mtu hana nafasi ya kupiga hesabu. Mlio wenyewe ulitosha. Kabla moshi haujatawanyika, watu walishaanza kuinuka kwenye mahandaki.

Ilikuwa Jumamosi, 10 Machi 1979. Brigedi yetu ya 201 ilikuwa imeingia Lukaya, mji mdogo wa Uganda kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Masaka ilikuwa mikononi mwetu tangu Februari 24. Mbele ya Lukaya barabara inapita juu ya tuta refu, kinamasi na mafunjo pande zote mbili, na magari hayana pengine pa kupita. Wakubwa walilitaka tuta lile kabla adui hajalivunja kama alivyolivunja daraja la Kyaka mwezi Novemba.

Sehemu kubwa ya brigedi tulikuwa mgambo. Miezi michache nyuma nilikuwa nikilima pamba Shinyanga. Tulijua kwata, tulijua kufungua SMG na kuifunga, tulijua kwa nini tuko pale: nduli Idi Amin alikuwa ameingia Kagera, ameua watu, ameswaga ng'ombe wao na kutangaza kwamba ardhi ile ni yake. Hasira tulikuwa nayo ya kutosha. Kifaru cha adui kikija kukuelekea hatukuwa tumekiona. Siku ile vilikuja vya Libya, T-55, vilivyoletwa na Gaddafi kumwokoa rafiki yake Amin, na askari wa Amin wakiwa pamoja navyo.

Tulikimbia. Nasema hivyo bila kuomba radhi, maana nimeyafikiri kwa zaidi ya miaka 40 na nimeona kwamba woga wa vitani haukai ndani ya mtu mmoja. Akiinuka wa kwanza, wenzake humwona mwoga. Akiinuka wa pili, kila mmoja hujiuliza wale wawili wameona nini. Wa tatu haulizi tena. Mimi sikumbuki niliinuka wa ngapi. Nakumbuka masikio yameziba, ulimi umekauka hadi kushikamana na kaakaa, na miguu inafanya kazi ambayo sikuituma.

Giza lilipoingia wengi tulikuwa ndani ya mafunjo, maji kiunoni, vikundi vya watu watatu au wanne. Na hapo palikuwa na jambo la kutisha kuliko vifaru: jeshi la Amin nalo liliongea Kiswahili. Ukisikia sauti gizani inauliza, "Nani huyo?", huwezi kujua kama ni ndugu yako au ni mtu anayetaka kukuua. Tulisikiliza lafudhi. Tulisikiliza mtu anavyokohoa. Kuna waliojibu upesi wakapigwa risasi, na kuna waliochelewa kujibu wakapigwa vilevile.

Sajini wetu, Mkurya, askari wa miaka mingi, alipita mle majini akitutafuta. Hakufoka. Aliita kwa sauti ya chini, tena kwa mikoa: wa Shinyanga wapo? Wa Tabora? Wa Singida? Mtu akisikia mkoa wake anaitwa usiku kama ule, koo linafunguka. Pembeni yangu alikuwa jirani yangu wa kijijini, ambaye hata bunduki aliiacha alipokimbia. Alikuwa akitetemeka hadi maji yakawa yanapiga mawimbi. Sajini alimshika bega akamwambia, "Na mimi naogopa, mura. Kaa karibu yangu." Kisha akampa sanduku la risasi abebe. Nadhani sanduku lile lilimsaidia kuliko maneno. Mikono ilipata kazi.

Watu wakakusanywa hivyo usiku kucha, wachache wachache. Tukaambiwa Brigedi ya 208 imeagizwa kuzunguka kutoka kaskazini-magharibi ili impige adui ubavuni alfajiri, na sisi tumrudie kutoka mbele. Hakuna aliyeshangilia. Woga ulikuwa uleule, tumbo lilikuwa lilelile. Tofauti ni kwamba sasa nilijua nani yuko kulia kwangu na nani yuko kushoto, na nilijua kwamba wao wanajua mimi nipo.

Mapigano ya tarehe 11 nayasimulia kwa ufupi, kwa kuwa mengi sikuyaona. Niliona mgongo wa sajini na moshi. Mizinga yetu ilipiga, wa 208 wakatokea ubavuni, nasi tukaingia. Kitu kimoja nilikiona vizuri sana. Mlibya mmoja aliinuka akakimbia. Wenzake walibaki. Akainuka wa pili. Niliposhuhudia yule wa tatu nilijua kwamba imekwisha, maana mwendo ule niliufahamu, ulikuwa wetu wa jana. Miili ya maadui iliyohesabiwa baadaye ilikaribia 400, nusu yao Walibya, vijana waliokuja kufa kwenye kinamasi ambacho labda hata jina lake hawakuambiwa. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilianguka.

Jirani yangu alirudi kijijini, akafanya kosa la kusema kweli. Kilabuni, wenzake wakijisifu, yeye alisema alikimbia. Wakamwita Mkimbizi, na jina hilo likamfuata hadi watoto wake wakaitwa watoto wa Mkimbizi. Waliomcheka wengi hawakuvuka hata mto Kagera.

Alipofariki niliomba nafasi ya kusema kwenye msiba. Niliwaambia wanawe kwamba ndiyo, baba yenu alikimbia Jumamosi, na mimi nilikuwa naye. Nikawaambia na ya Jumapili: alikwenda mbele bila bunduki, na sanduku la risasi kichwani, akatufikia tulipokuwa tumelala chini tumebakiwa na chache mno. Akalitua, akageuka, akaenda kuchukua la pili.