Kambare Ndani ya Tangi la Kioo: Ni Mali ya Nani?

Katika nyumba nyingi za Kasingirima samaki huingia kwa mlango wa jikoni. Huja ndani ya beseni, hutiwa ndimu na chumvi, na ikifika Adhuhuri habari yake imekwisha. Haikutushangaza, basi, kwamba tulipoweka tangi la kioo ukumbini, jirani mmoja mwenye heshima zake alituuliza swali ambalo tangu hapo tumeulizwa mara nyingi: je, inafaa Muislamu amfunge samaki ambaye hakusudii kumla? Wengine wameuliza kinyume chake, kwamba mtu akishamlea kambare mkononi mwake mpaka akakua, si vibaya kumtia chunguni?

Tumeona tuyaeleze haya katika ukurasa wa familia kwa sababu mambo ya namna hii huanzishwa na watoto, nasi wazazi tunayakuta yamekwisha kutokea. Kwetu yalianza wakati wa masika, maji ya Luiche yalipotanda mashambani. Mwana wetu, wakati huo wa miaka tisa, alirudi na kopo la rangi lililooshwa, na ndani yake mna kambare wa urefu wa kidole. Alikuwa amemkamata kwa mikono yake mwenyewe katika mfereji wa shamba la mpunga. Neno hilo, kwamba alimkamata mwenyewe, msomaji alishike, maana ndilo lililokuja kutusumbua baadaye.

Kuhusu kumfunga, wanazuoni hawakutuacha gizani. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimliwaza yule mtoto kwa kumuuliza habari zake kwa upole. Wanazuoni wamechukua hapo kwamba yafaa kumweka kiumbe ndani ya tundu kwa ajili ya kumfurahisha mtoto, maadamu hateswi. Na upande wa pili wa mizani ipo habari mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfunga asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Kwa hiyo kufunga peke yake si dhambi. Dhambi ni kufunga na kusahau.

Na samaki husahaulika upesi kuliko paka, kwa kuwa halii mlangoni.

Tulikwenda kwa fundi wa madirisha ya vioo, akatutengenezea tangi la urefu wa mita 1, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45, likaunganishwa kwa gundi ya silikoni. Mzazi anayetaka kufanya kama sisi aanze kwa hesabu: tangi hilo hubeba lita 180, na kila lita ni kilo moja. Likijaa ni zaidi ya mifuko mitatu ya saruji, kabla hujatia mchanga na mawe. Meza ya chai haliwezi. Sisi tulijenga kiguzo cha matofali.

Jambo la pili ni subira, na hili ndilo linalowashinda wengi. Mkojo na kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwake yeye mwenyewe. Katika maji yaliyokaa vizuri kuna bakteria wanaoigeuza amonia ikawa kitu chepesi zaidi, lakini bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuota katika mchanga na katika chujio. Anayejaza tangi leo na kumimina samaki kumi kesho atawazika wiki hiyo hiyo, kisha aseme ni jicho la hasidi. Samaki wetu alikuwa mmoja na mdogo, alilishwa kidogo mno, na maji yake tuliyapunguza robo kila wiki na kuongeza mapya. Maji ya bomba yenye dawa hukaa kwanza siku nzima ndani ya ndoo iliyo wazi. Sabuni haikaribii tangi hata siku moja. Kambare hana magamba, ngozi yake i wazi, na kila kinachowasha hudhuru ngozi yake kabla ya ngozi ya samaki wengine.

Kifuniko pia ni lazima. Kambare ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi, na porini huweza kutambaa kwenye nyasi zenye umande kutoka dimbwi moja hadi jingine. Atainuka juu ya maji kuvuta pumzi, na akiona upenyo, alfajiri utamkuta sakafuni. Umeme ukikatika, huyu hana taabu.

Wenye taabu ni gogogo, ambao tuliwapata baadaye kwa mvuvi aliyewatoa kwenye nyavu zake, tukawaweka katika tangi la pili, dogo, mbali na kambare. Kwani kambare hula usiku chochote kinachoingia kinywani. Gogogo hawa wane ni wa Ziwa Tanganyika hasa, weupe wenye madoa meusi, ambao mwaka 1898 Boulenger aliwapa jina la Kilatini Synodontis multipunctatus, yaani mwenye madoa mengi. Wao wanataka maji ya ziwa penyewe, yenye madini na alkali, na hewa ya kutosha. Tunawachotea kwa madumu. Umeme unapozimika na pampu ya hewa ikanyamaza, watoto hupokezana kuchota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, ili yachanganyike na hewa. Usiwashike kwa wavu: miiba ya mapezi yao hufunguka na kukaza, ikanasa kwenye nyuzi, na ukiwatoa kwa nguvu utawavunja. Tumia bakuli. Mchana wamo chini ya mawe, ukidhani tangi ni tupu. Baada ya Isha hutoka.

Samaki huyu ana habari ambayo hatukuijua mpaka tulipoanza kumfuga, ijapokuwa tumezaliwa kando ya ziwa lake. Wapo samaki wa Tanganyika ambao mama hulea mayai ndani ya kinywa. Wakati anapotaga, gogogo hupita kwa ghafla, huangusha mayai yake miongoni mwa yale, na mama yule huyaokota yote pamoja. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na vifaranga vyake hula wenyeji wao humo humo kinywani. Mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, ndiye aliyelieleza jambo hili katika jarida la Nature mwaka 1986. Na mwaka 2018 watafiti wa mjini Brno, katika Jamhuri ya Cheki, walitangaza kwamba samaki wa Tanganyika waliozoea kuishi na gogogo hutema mayai ya kigeni kuliko samaki wa maziwa mengine wasiomjua. Haya ya Brno yaliangaliwa ndani ya matangi ya kioo, katika nchi isiyo na bahari wala ziwa kama hili, na samaki wa kwetu. Mama watoto alipoisikia habari hiyo alisema huyo ni mwizi wa malezi. Tulimwambia samaki hakukalifishwa sheria. Akajibu kwamba yeye alikuwa anamsema binadamu.

Kabla hatujarudi kwa kambare, tahadhari moja. Katika ziwa letu yumo kambare wa umeme, naye ni wa kuachwa huko aliko. Ndugu yake wa mto Nili alielezwa zaidi ya miaka 800 iliyopita na tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi katika kitabu chake cha habari za Misri, kwamba anayemgusa hutetemeka na kufa ganzi. Nyumba yenye watoto haimhitaji.

Sasa kambare. Samaki huyu hukua haraka, na mkubwa wake huweza kupita mita 1. Tulilijua hilo, na mtoto aliambiwa siku ya kwanza kwamba tangi ni makazi ya muda. Baada ya miezi kumi na minne alikuwa na sentimita 45, ndani ya tangi la upana wa sentimita 40. Akigeuka, mkia unapiga kioo. Kumwacha hivyo kungekuwa ndiyo ile habari ya paka.

Nyumbani palikuwa na rai mbili. Mama watoto alisema ni riziki, wageni wa Idi wako njiani, na kambare wa nazi hana mshindani. Katika uhalali wake hakukosea. Sura ya Al-Maida, aya ya 96, imehalalisha vya majini, na samaki hahitaji kuchinjwa. Wenzetu wa Ithnaashari hawali samaki asiye na magamba, lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Ujiji, kambare ni halali bila shaka, awe wa mtoni au wa tangini. Mtoto naye alisema neno moja tu: “Baba, mimi ndiye niliyemkamata.”

Baba wengi wangelicheka. Sisi hatukuweza, kwa sababu alichokisema mtoto ndicho kilichomo katika fikihi. Mnyama wa porini au samaki wa mtoni hana mwenyewe; anayemtia mkononi ndiye anayemmiliki, hata akiwa mtoto ambaye hajabaleghe. Baba ni msimamizi wa mali hiyo, si mwenye mali. Hana ruhusa ya kuila wala kuigawa, ila kwa maslahi ya mtoto. Tunaona ni vyema kulisema hili waziwazi, maana katika mitaa yetu kuku wa mtoto huchinjwa akiwa shuleni, na mbuzi aliyepewa na babu yake huuzwa kulipa deni ambalo si lake, na hakuna anayeona kwamba pamechukuliwa mali ya mtu.

Tulidhani njia nyepesi ni kumwachia huru. Nayo ina neno. Imam Nawawi katika Minhaj anaona kwamba mtu akimwachia mnyama wa porini aliyekwisha kummiliki, kwa kauli yenye nguvu zaidi milki yake haiondoki. Na wafafanuzi wa kitabu hicho wamekataza kitendo chenyewe, kwa kuwa kinafanana na wanyama wa masanamu waliokuwa wakiachwa zama za jahilia, waliotajwa katika aya ya 103 ya sura hiyo hiyo. Isipokuwa mwenyewe aseme kwamba amemhalalishia atakayemchukua. Na mtoto asiyebaleghe hana uwezo wa kutoa mali yake namna hiyo.

Basi tulimnunua. Tulikwenda naye sokoni, akauliza bei ya kambare wa kimo kile kwa wauzaji watatu, na tukamlipa shilingi 10,000 mbele ya mama yake. Fikihi inamruhusu baba kununua mali ya mwanawe kwa bei ya haki. Mtoto alizihesabu noti zile mara mbili, kisha akauliza: “Sasa Baba utamla?”

Tulimjibu kwamba hatutamla. Lakini pia hatukumpeleka ziwani, ingawa ziwa ndilo lililo karibu. Kila mtu wa Afrika Mashariki anajua yaliyotokea Ziwa Viktoria baada ya sangara kupandikizwa humo katika miaka ya 1950, na furu wa aina mamia wakatoweka. Samaki wa tangini hamwagwi mahali asipotoka, na aliyenunuliwa dukani kutoka nchi za mbali hamwagwi popote. Kambare wetu alikuwa wa Luiche, hakuwahi kuchanganywa na samaki wa kigeni wala kuonekana na kidonda, na mahali alipokamatwa tulipajua kwa hatua.

Tulimpakia ndani ya ndoo yenye mfuniko, maji nusu, kitambaa kibichi juu. Pale mferejini walikuwapo wavuvi wawili wa ndoano. Tulisema kwa sauti ya kusikika kwamba samaki huyu ni halali kwa atakayemvua, asione haya. Mmoja wao akacheka. “Ustadhi,” akasema, “huyu hafiki Magharibi.”

Mtoto alimtazama mvuvi, akautazama mfereji, akamwaga ndoo kwa mkono wake mwenyewe upande wa matete, mbali kidogo na ndoano zao. Hatukumkataza.

Gogogo wamerithi tangi kubwa. Katika shilingi 10,000 zile, 3,000 zimekwenda kwa mpira mpya wa pampu ya hewa, kwa hiari yake, na nyingine zimo ndani ya kopo. Juzi aliuliza gogogo huishi miaka mingapi, tukamwambia akitunzwa vyema hupita kumi. Akahesabu kwa vidole, akaona kwamba watakuwapo bado wakati yeye atakapokuwa ameondoka kwenda kusoma, akamwita mdogo wake aje aonyeshwe namna ya kupunguza maji.