Fyuzi Yangu ya Shaba

Likizo ya Desemba iliyopita, usiku mmoja soketi zote za nyumbani kwetu zilikufa, ingawa taa ziliwaka. Baba alikuwa safarini. Mimi, mwenye alama nzuri za fizikia, nikazima swichi kubwa na kuona waya mwembamba wa fyuzi umeyeyuka. Nikatia waya mnene wa shaba mahali pake. Mama akanisifu sana.

Siku ya tatu mama alikuwa akipiga pasi, huku jiko na birika la umeme vinachemka. Mara akaita, "Mwanangu, ukuta unanuka!" Nikakimbia kuzima.

Fundi mwenye leseni akaja, akaifungua fyuzi, akauliza nani aliyetia waya ule. Nikanyamaza. Akaniambia nijumlishe: jiko wati 2000, birika 1500, pasi 1200, kisha nigawanye kwa volti 230. Zaidi ya ampea 20! Fyuzi ilikuwa ya 15. Waya wa kwanza uliyeyuka ili nyaya za ukutani zipone. Wangu ungeziacha ziungue. Na hesabu hiyo nimekwisha kuifanya darasani mara nyingi!

Fundi alibadilisha nyaya kutwa nzima. Hata leo mama hunusa ukuta kwanza, ndipo apige pasi.